Vumbi Juu ya Paneli za Sola

*Bwana Mhariri, tangu kiangazi kianze, taa zangu za sola huzimika mapema. Je, paneli zimeharibika? Msomaji, Dodoma.*

Ndugu msomaji, ondoa hofu: aghalabu paneli huwa salama, ila vumbi lililotanda juu ya kioo huihini nuru isizifikie seli, na betri ikafika magharibi haijajaa. Kinyesi cha ndege, ijapokuwa ni kidogo, hudhuru zaidi, kwa sababu seli zimeungwa kwa mfululizo, na moja ikifunikwa huzidhoofisha nyingine. Zioshe paneli alfajiri, kabla kioo hakijapata moto, kwa maji na kitambaa laini (brashi ya waya hasha!), na maji ya kisima yakiwa ya chumvi, yafute upesi yasiache ukoko. Taa zikizidi kufifia, mwite fundi aipime betri na nyaya.