SOMO: WALIKUWA NJIANI KWA UTII

Sisi wa mwambao wa Kyela hatuna haja ya kuelezwa dhoruba ni nini. Twajua ziwa linavyochafuka, na jinsi mito Kiwira na Mbaka inavyomeza mpunga wakati wa masika. Ndipo wengine huanza kuuliza: ni nani aliyekosa?

Someni Marko 4:35-41. Aliyesema wavuke ng'ambo ni Yesu mwenyewe. Basi dhoruba iliwakuta katika utii, si katika dhambi.

Wala tusiwafundishe watoto kwamba mwaminifu hazami. Tarehe 2 Septemba 1895 Askofu Chauncy Maples alizama katika ziwa letu hili akielekea Likoma, miezi michache tu baada ya kuwekwa wakfu. Mwenzake, Arkidiakoni William Percival Johnson, ambaye macho yake yalikuwa karibu kupofuka kabisa, aliendelea kuvitembelea vijiji vya mwambao mpaka alipofariki Liuli mwaka 1928.

Swali la vikundi: Wanafunzi walimwamsha Bwana kwa kulalamika. Je, sisi twaruhusiana kulalamika hivyo katika sala, au twanyamazishana? Leteni mifano, sisi walimu wa zamani haturidhiki na "ndiyo" tupu.