Dondoo Muhimu kwa Mkufunzi Msaidizi wa Kompyuta

Yeyote aliyeaminiwa kuwaongoza wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika maabara ya kuandika programu, akapenda kuitimiza amana hiyo kwa insafu na staha, na ayazingatie haya:

1. Ifanye kazi ya juma wewe kwanza, kwa toleo lile lile la Python walilo nalo wanafunzi.
2. Usiishike kibodi ya mwanafunzi. Muulize alitaraji nini, kisha akusomee ujumbe wa kosa kwa sauti.
3. Mkumbushe kuwa alama = hutia thamani, na == hulinganisha, kwani hapo ndipo wengi hukwaa.
4. Ijaribuni programu kwa orodha tupu, sifuri na namba hasi kabla ya kuisadiki.
5. Sahihisha swali la kwanza la wanafunzi wote, ndipo uliendee la pili, ili kipimo chako kisibadilike.
6. Chombo cha MOSS cha kubaini kazi zilizonakiliwa, kilichoanza mwaka 1994, huonyesha mfanano wa programu tu. Zisome kazi mwenyewe, na hukumu mwachie mhadhiri.
7. Ukiulizwa usilolijua, kiri bila haya, kisha ulete jawabu kikao kijacho.