Michezo ya Simu na Sukari ya Bibi

Kisukari cha miaka mingi huharibu mishipa midogo ya damu, ile ya ubongo ikiwemo, ndiyo maana mzee mwenye kisukari huwa katika hatari zaidi ya kupoteza kumbukumbu. Mjukuu akisikia hivyo, humwekea bibi kwenye simu janja michezo ya kukumbuka picha na kubofya haraka.

Inasaidia, ila kwa kiasi. Marekani, utafiti uitwao ACTIVE uliohusisha wazee wapatao 2,800 ulionyesha kuwa aliyefundishwa kukumbuka alipata nafuu katika kukumbuka, na aliyezoeshwa wepesi wa macho kwa kompyuta akawa mwepesi zaidi katika hilo. Mwaka 2016 kampuni iliyouza michezo ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya kudaiwa kuwadanganya wateja kuhusu faida zake. Basi bibi acheze akipenda, lakini pesa ya dawa isiishie kwenye bando.

Wilayani Hai, Kilimanjaro, wazee wenye ugonjwa wa usahaulifu walikutana kwa vikundi mara 14 katika wiki 7, wakizungumza na kucheza bila kompyuta yoyote, na uwezo wao wa kufikiri ukaboreka. Kwetu Mwananyamala, Dar es Salaam, bao la kete 64 barazani lina hesabu ya kutosha, tena lina watu.

Lakini linalotutia hofu zaidi kuliko usahaulifu ni sukari kushuka. Babu akitoka jasho, akitetemeka, akiropoka au akigomba bila sababu, msiseme ni uzee. Mpimeni; sukari ikiwa chini ya 4 mmol/L, au kama hamna mashine, mpeni vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari ndani ya maji. Subirini dakika 15, pimeni tena, mrudie ikibidi, kisha ale. Asiyejitambua asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Chanzo kimojawapo ni kuchoma insulini mara mbili kwa kusahau. Hapo simu ina kazi kweli: iwekeni kengele ya saa za dawa, na mmoja wenu aandike kila dozi kwenye daftari. Siku ya kliniki Hospitali ya Mwananyamala, nendeni nalo. Kama mzee anatumia metformini kwa miaka, mwulizeni daktari kuhusu vitamini B12, kwani dawa hiyo huweza kuipunguza, na upungufu wake nao huleta usahaulifu, ila huo unatibika.