MTAWA NA DAWA ZA MITI

Tuseme binti mmoja wa Nyaramba, katika Nyamira, amefundishwa na nyanya yake majani na mizizi ya kutibu. Sasa ataka kuingia utawa. Je, ujuzi ule auache mlangoni?

Jibu limo katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6. Sura ya 36 yaagiza kwamba wagonjwa wahudumiwe mbele ya mambo yote, nao wapewe chumba chao na mhudumu mwenye kumcha Mungu. Kwa hiyo uganga haukatazwi. Lakini sura ya 33 yasema mtawa hana mali yake mwenyewe. Basi hata kikapu cha mizizi ni cha nyumba nzima. Na sura ya 57 yaongeza: fundi afanye kazi kwa ruhusa ya mkuu wake, naye akianza kujivunia ustadi wake, aondolewe katika kazi hiyo.

Ramani ya monasteri ya St. Gallen, Uswisi, iliyochorwa yapata mwaka 820, yaonyesha nyumba ya wagonjwa, nyumba ya tabibu, na bustani ya dawa yenye matuta 16. Hata hivyo, tamaa iliingia. Mwaka 1139 Mtaguso wa Pili wa Laterani uliwakataza watawa kujifunza utabibu kwa kutafuta faida ya dunia. Kilichokemewa ni fedha, wala si huruma.

Kanuni hiyo ilifika kwetu pia. Wabenedikto walianza Peramiho, Tanganyika, mwaka 1898, na Ndanda mwaka 1906. Mahali pote pawili pana hospitali. Watrapisti, waishikao Kanuni hiyo hiyo, walikaa Kipkelion, Kenya, tangu 1956 hata 2008.

Unyenyekevu ni pamoja na kujua mpaka wa dawa. Mmea uitwao pakanga hutoa artemisinini, itumiwayo kutengenezea vidonge vya malaria. Walakini Shirika la Afya Duniani halikubali chai ya majani yake itumiwe badala ya vidonge, kwa kuwa kipimo chake hakina hakika. Mwenye homa kali na apelekwe hospitali upesi.

Basi binti yetu asiutupe ujuzi wa nyanya yake. Auweke mbele ya mkuu wake, afundishe wenzake, asiuze siri, na akiambiwa, "Mgonjwa huyu ni wa daktari," atii bila uchungu. Mgonjwa akipona, hakuna haja ya kuuliza ni nani aliyemponya.