Mafunzo ya Hesabu: Kujumlisha kwa Safu

Katika nchi ya Wateso, kuanzia Kocholia mpaka masoko ya Malaba na Busia yaliyo mpakani mwa Kenya na Uganda, hesabu haiishii darasani. Njugu, maharagwe na ndizi huuzwa huko, na mara nyingi mtoto wa shule ndiye anayeombwa na mama yake kujumlisha mapato ya siku. Akikosea, fedha ya nyumbani hupotea. Kwa hiyo yafaa walimu na wazazi wajue sababu za makosa hayo na jinsi ya kuyaondoa.

Msingi wa kujumlisha kwa safu ni mahali pa tarakimu. Katika 385, tarakimu ya 5 ni mamoja matano, 8 ni makumi manane, na 3 ni mamia matatu. Mtoto asemapo "kumi na tano" husikia kumi moja na mamoja matano. Lakini neno "themanini" halimwambii kwamba ndani yake mna makumi manane. Basi mwalimu na amwonyeshe kwa macho. Vijiti kumi vifungwe pamoja kwa kamba kuwa kitita kimoja, na vitita kumi vifungwe kuwa mia.

Twaa mfano huu. Mama ameuza njugu kwa shilingi 385, maharagwe kwa shilingi 247 na ndizi kwa shilingi 96. Amepata shilingi ngapi?

  385
  247
+  96
-----
  728

Kazi huanza upande wa kulia. 5 na 7 na 6 ni 18. Vijiti kumi kati ya hivyo hufanya kitita kimoja. Basi huandikwa 8, na kitita kimoja hupelekwa kwa wenzake katika safu ya makumi. Huko 8 na 4 na 9, pamoja na 1 iliyopelekwa, ni 22. Huandikwa 2, na makumi ishirini yaliyosalia, ambayo ni mamia mawili, hupelekwa katika safu ya mamia. 3 na 2 na 2 ni 7.

Makosa makubwa ni mawili. La kwanza ni kusahau kupeleka. Mtoto wa namna hiyo hupata 518, na shilingi 210 za mama yake hazionekani tena. La pili ni kuandika 96 chini ya mamia na makumi, hata 9 ikahesabiwa kuwa mia tisa. Huyo hupata 1,592. Dawa ya makosa yote mawili ni kukadiria kwanza: 385 ni karibu na 400, 247 ni karibu na 250, na 96 ni karibu na 100. Jumla yake ni 750. Jibu lililo mbali sana na hapo halina budi kutazamwa upya. Kisha mtoto ajumlishe tena, safari hii kutoka chini kwenda juu.

Walakini safu zilizonyoka hazifai kitu ikiwa vitu vyenyewe si vya namna moja. Zamani shilingi ya Afrika ya Mashariki ilitumika pande zote mbili za mpaka; lakini tangu mwaka 1966 Kenya na Uganda zilipoanza kutoa fedha zao wenyewe, shilingi 500 za Kenya na shilingi 500 za Uganda hazifanyi shilingi 1,000. Lazima kwanza fedha moja igeuzwe kuwa nyingine kwa bei ya siku hiyo, ndipo ziandikwe katika safu. Kwa hiyo mtoto afundishwe kuuliza maswali mawili kabla ya kushika kalamu: Natafuta nini? Je, vitu hivi ni vya namna moja?

Jaribio la nyumbani: Mfanya biashara wa Malaba ameuza mahindi kwa shilingi 468 za Kenya, wimbi kwa shilingi 175 za Kenya, na ndizi kwa shilingi 89 za Kenya. Amepata shilingi ngapi? Mtoto akadirie kwanza, kisha ajumlishe, na aeleze kwa kinywa chake kila anachokipeleka ni makumi au ni mamia. Jibu ni shilingi 732.