Mlango wa Sanduku la Barafu

Atengenezaye sanduku la barafu auangalie mlango kuliko kuta, kwa kuwa hapo ndipo joto lipatapo njia rahisi. Mlango uwe wa mbao mbili, na nafasi ya inchi tatu kati yake ijazwe sufi au vumbi kavu la mbao. Vitu hivi huzuia joto kwa hewa iliyotulia ndani yake. Vikilowa, havifai tena. Basi upande wa ndani ufunikwe kwa bati, na maungio yazibwe. Lakini bati hilo lisifike upande wa nje, maana hupitisha joto upesi.

Ukingoni pazungushwe mpira laini. Mlango ukifungwa juu ya kipande cha karatasi, nacho kikavutika bure, hewa inapita.

Jambo la hatari ni komeo. Huko Marekani watoto wachezao waliingia katika majokofu yaliyotupwa, mlango ukajifunga, wakafa kwa kukosa hewa. Sheria ya mwaka 1956 ikaamuru majokofu ya nyumbani yatakayotengenezwa baada ya Oktoba 1958 yaweze kufunguliwa kutoka ndani. Ndipo mpira wenye sumaku ulipochukua mahali pa komeo. Sanduku kuukuu lenye komeo ling'olewe mlango siku ile ile liachapo kutumika.