Mzazi na daftari la hesabu la mtoto

Wapo wazazi wengi ambao mtoto akirudi na kazi ya hesabu humwambia, "Hayo kamuulize mwalimu wako." Si kwamba hawajali. Wanaona aibu, maana yaliyomo daftarini hayafanani na waliyosoma wao.

Tazama kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, iliyofunguliwa tena mwaka 2015 kupokea wakimbizi wa Burundi. Watoto pale walisomeshwa kwa mtaala wa kwao, madarasa ya chini kwa Kirundi na baadaye Kifaransa. Sasa chukua mzazi aliyesoma shule ya msingi ya Tanzania, kama walivyosoma wengi waliokulia huku baada ya wazee wao kukimbia mwaka 1972. Akigawanya 156 kwa 12, huandika 12 kushoto na jibu juu ya mstari. Mtoto aliyefundishwa kwa mtindo wa Kifaransa huandika 12 kulia na jibu chini yake. Mzazi asipojua hilo atasema mtoto kakosea na kumfutia, kumbe jibu ni lile lile, 13. Kwenye desimali ndiyo balaa zaidi. Sisi huandika 2.5, wao huandika 2,5. Kwa hiyo 1,500 ya dukani, mtoto yule anaweza kuisoma moja na nusu!

Msidhani hayo ni ya kambini tu. Hapa mjini, mtoto wa shule ya Kiingereza anarudi na LCM, na baba aliyesoma Kigawe Kidogo cha Shirika anakunja daftari. Ni kitu kimoja. Cha 4 na 6 ni 12 kwa lugha yoyote.

Basi mzazi afanyeje? Asishike kalamu. Amwambie mtoto, "Hebu nifundishe, mwalimu kafanyaje hapa?" Mtoto akieleza hatua kwa hatua, pale atakapokwama ndipo penye tatizo, na mzazi atapaona hata kama hajui Kifaransa. Kisha wahakiki pamoja: 13 mara 12 inarudi 156? Mama muuza vitumbua anaiweza hesabu hiyo bila daftari. Kumfanyia mtoto kazi nzima ili apate vema ni kumdanganya yeye na mwalimu wake.

Sisi Waislamu tunayo mazoezi mengine nyumbani. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu cha aljebra huko Baghdad katika karne ya 9, sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi. Mpe mtoto wa darasa la tano zaka ya shilingi 800,000 ikiwa zimefika nisabu na kutimiza mwaka: sehemu moja ya arobaini, yaani 20,000.

Mkubwa wake mpe mirathi, kwa kufuata Suratun-Nisaa, aya ya 11 na 12. Mtu amefariki, wazazi wake walishatangulia, hana deni wala wasia, kaacha mke, mtoto mmoja wa kiume, mmoja wa kike na shilingi 2,400,000. Mke ana thumni, 300,000. Zinazobaki zigawanywe mafungu matatu, mawili ya mwana wa kiume, moja la binti: 1,400,000 na 700,000. Akimaliza, ajumlishe za wote watatu aone kama zinarudi 2,400,000.